SOMO LA VIKUNDI: MNUNUZI KWANZA, MASHINE BAADAYE



Somo la leo ni juu ya jambo ambalo vikundi vingi huliruka. Mkutano unaitishwa, mwenyekiti anasema tuanzishe mradi, watu wanapiga makofi, halafu mazungumzo yanaingia moja kwa moja kwa mashine, mkopo na nani atashika ufunguo wa stoo. Soko linakumbukwa siku bidhaa imejaa ndani. Hapo mweka hazina anaanza kuulizwa maswali yasiyo na jibu, na wanachama wanaanza kukosa mikutano mmoja mmoja.

Chukueni mfano wa kuku wa nyama. Wakilishwa vizuri huwa tayari kwa wiki 6 hivi. Kikundi kikiwa na kuku 200 na hakuna hoteli wala bucha iliyoagiza, wiki ya 7 kuku bado wanakula chakula cha kununua, na faida inaliwa pamoja nacho. Mwisho wake ni kuwauza kwa bei ya kutupa au wanachama kugawana. Afisa wa mifugo angekuja angesema kuku hawa ni wazuri kabisa. Lakini hakuna mtu aliyekuwa akiwangojea.

Basi, mtu atajuaje kama kitu chake kinatakiwa kabla hajatumia pesa za kikundi? Kuna mfano mmoja hapa kwetu ambao sisi sote tunaubeba mfukoni.

M-Pesa haikuanza kama tunavyoijua. Oktoba 2005, Vodafone ya Uingereza pamoja na Safaricom, shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya na Commercial Bank of Africa walianza majaribio Nairobi na Thika. Serikali ya Uingereza ilitoa sehemu ya fedha. Shabaha ilikuwa wanachama wa vikundi vya Faulu wapokee mikopo na kuilipa kwa simu, badala ya kubeba pesa mkononi. Wateja hawakufika 500, na maduka ya mawakala yalikuwa 8 tu. Kumbukeni hayo: kampuni kubwa namna ile, na walianza na watu wasiojaza hata uwanja wa shule.

Halafu wakaangalia. Kazi hiyo iliongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, na walichokiona hakikuwa kile walichopanga. Wenye biashara walikuwa wanaweka pesa jioni na kuzitoa asubuhi, kwa sababu benki zilifungwa mapema kuliko maduka ya mawakala. Msafiri aliweka pesa alikotoka akazitoa alikofika, ili asiibiwe njiani. Wengine walitumia watu wao pesa hata kama watu hao hawakuwa katika majaribio. Upande wa mikopo, ambao ndio uliokusudiwa, ulileta taabu: kulinganisha hesabu za simu na vitabu vya Faulu kulikuwa kazi ngumu.

Kikundi chenye kiburi kingesema, "Hawa watu wanatumia vibaya kitu chetu, wafundishwe." Hawa waliwafuata wateja. Mikopo ikawekwa kando. Machi 2007 Safaricom ilipofungua huduma kwa nchi nzima, ujumbe ulikuwa mmoja, tuma pesa nyumbani. Kila Mkenya aliyewahi kumpa dereva wa matatu bahasha ya kupeleka kwa mama kijijini, akiomba Mungu ifike, alielewa siku hiyo hiyo. Kabla mwaka huo kwisha wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Mfano wa pili ni mfupi. Shirika la ApproTEC, ambalo baadaye liliitwa KickStart, lilitoa pampu ya maji ya kukanyaga kwa miguu mwaka wa 1996. Ilivuta maji vizuri lakini haikuweza kuyasukuma kupanda mlima, na mashamba yetu mengi yako mlimani. Mwaka wa 1998 ikaja nyingine yenye nguvu ya kusukuma. Pedali zake zilitengenezwa zikae chini, maana akina mama hawakutaka kusimama juu huku wakiyumba mbele ya wapita njia. Jambo kama hilo hulipati ofisini. Utalipata shambani kwa mama mwenyewe.

Sasa turudi kijijini. Tuseme kikundi chenu kinataka kutengeneza sabuni ya maji. Kosa la kwanza ni kuwauliza watu, "Tukitengeneza sabuni mtanunua?" Kila mtu atasema ndiyo. Sisi ni watu wa heshima. Nani atamwambia jirani wake hapana usoni? Jibu hilo halina thamani ya hata shilingi moja. Ulizeni juu ya yale ambayo tayari yamefanyika: wiki iliyopita ulinunua sabuni gani, wapi, kwa pesa ngapi, ilikaa siku ngapi, na ni nini kilikuudhi. Halafu nyamazeni msikilize. Wale wenye mdomo mwingi kikundini wasitumwe kazi hii, maana wataeleza mradi badala ya kusikiliza.

Mtagundua kwamba wanunuzi si wamoja. Mama wa nyumbani hununua kidogo kidogo, kama tulivyozoea kununua mafuta ya taa kwa chupa na mafuta ya kupikia kwa kipimo. Mwenye hoteli anataka mtungi wa lita 20 na anataka uletwe mlangoni. Shule inaweza kununua nyingi, lakini malipo huenda yakangoja karo ilipwe, na kikundi kichanga hakiwezi kungoja. Chagueni mmoja wa kuanza naye. Anayetaka kuuzia wote siku ya kwanza humaliza nauli bure.

Baada ya hapo tengenezeni kidogo, kwa ndoo na mwiko, bila mashine. Tafuteni wanunuzi 10 ambao si wanachama, si jamaa zenu, wala si wenzenu wa karibu kanisani. Shemeji yako atanunua mara moja kwa kukuonea haya. Pelekeni bidhaa wenyewe, kwa mguu, na mpokee pesa taslimu. Anayesema "ni nzuri, nitalipa mwisho wa mwezi" bado hajanunua.

Wekeni daftari. Mistari ni ya kawaida: jina, tarehe, kiasi, bei, na safu moja muhimu kuliko zote, yaani amerudi lini bila kuitwa. Kwa maoni yangu safu hiyo inashinda ripoti nyingi za semina. Kati ya 10, wakirudi 6 au 7 wenyewe, na mmoja akileta jirani, mko karibu. Akirudi mmoja tu, msimlaumu mnunuzi. Nendeni mkamwulize yule aliyerudi kwa nini alirudi, kisha mwulizeni aliyekosa sasa ananunua nini. Badilisheni jambo moja, labda kipimo au uzito wa sabuni, mjaribu tena. Mkibadilisha yote kwa pamoja hamtajua ni lipi lililosaidia.

Juu ya mkopo wa mashine, wakati wake ni pale ambapo wanunuzi wanakuja na mnawaambia imekwisha, wiki baada ya wiki. Kabla ya hapo deni litawalazimisha kuendelea kutengeneza kitu ambacho watu hawajakikubali, kwa sababu tu mashine inalipiwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Katika miradi iliyokufa hapa kwetu, ni nani aliyekuwa mnunuzi? Je, alikuwa ameulizwa?

Je, kuna mtu anayetumia bidhaa yetu kwa njia ambayo hatukuitarajia? Anatuambia nini?

Kati ya wateja wetu wa sasa, ni wangapi si jamaa zetu?

Kabla ya mkutano ujao, wanachama wawili wawili wazuru nyumba au vibanda vitano, wasiuze chochote, na walete daftari lenye majibu kama yalivyosemwa na watu wenyewe. Katibu asome yote kwa sauti, hata yale yanayouma.