SOMO: Kanisa kabla ya kuta
Soma: 1 Petro 2:4-5



Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria la Lubaga, Kampala, lilianza kujengwa 1914 na kutabarukiwa 1925. Ni la matofali, lina minara miwili. Ndani amezikwa Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, Mwafrika aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1939.

Lakini waamini walitangulia matofali. Mapadri waliofika Buganda 1879 waliondoka 1882 kwenda kusini ya ziwa, wakarudi 1885. Muda huo wote Wakristo walibaki bila padri. Walifundishana wao kwa wao, nao wakaongezeka. Kisha, kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki na Waanglikana waliuawa pamoja kwa ajili ya imani. Hakuna hata mmoja wao aliyeyaona majengo ya leo.

Ndugu zangu, tunaosali chini ya turubai tusiseme kanisa letu lilibaki nyumbani. Petro anatuita sisi mawe. Jiwe hai linahama, na nyumba ya Mungu inahama nalo.

Maswali ya kujadili:
1. Mchungaji asipokuwepo, nani anafundisha watoto wetu?
2. Jirani yupi mgeni hajakaribishwa bado?