Usijibu “Ni Kweli” Kabla ya Kuomba Matibabu

Mama mmoja wa Nakwamekwi, mjini Lodwar, ameniandikia kuhusu mwanawe. Kijana ni mlevi wa chang’aa, na katika mwaka mmoja amefikishwa kortini mara nne. Mara tatu alijibu “ni kweli”, akalipiwa faini, akarudi nyumbani na kurudi kwenye chupa. Mara ya nne kosa la ulevi liliongezewa la kuzua rabsha, faini ikamshinda mama, na sasa kijana yuko gerezani. Mama anauliza kama hakuna sheria ya kumpeleka mgonjwa kwa daktari badala ya jela.

Ipo, mama. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiye anayeamua nani ashtakiwe, na Kifungu cha 157 cha Katiba ya Kenya kinamtaka azingatie maslahi ya umma anapoamua. Kwa msingi huo ofisi yake ilitunga, mwaka 2019, sera na mwongozo wa kuwaepusha watu na mashtaka. Waendesha mashtaka huuita mpango huo daivasheni, kwa hiyo usishangae ukilisikia neno hilo pale kortini. Mtu anatia saini makubaliano: ataenda kliniki, atapata ushauri nasaha, atamwomba radhi aliyemkosea. Akitimiza, kesi inaishia hapo na hahesabiki kuwa aliwahi kutiwa hatiani. Asipotimiza, mashtaka yanaendelea. Mauaji, ubakaji na makosa mengine mazito hayamo. Ulevi, vurugu ndogo na wizi mdogo wa mraibu anayetafuta pesa ya kulewea ndiyo mambo yanayofaa kabisa.

Mbona basi kijana wa Nakwamekwi hakuupata? Kwa sababu ya maneno mawili: “ni kweli”.

Jumatatu asubuhi, waliokamatwa wikendi wamebanana kwenye benchi. Askari amekwisha kuwanong’oneza garini kwamba wakikubali tu watarudi nyumbani mchana. Karani anasoma shtaka, kijana anaitikia, ukweli wa kesi unasomwa, anaukubali, anatiwa hatiani. Hapo mwendesha mashtaka hana tena mtu wa kumwepusha na mashtaka, maana mashtaka yamekwisha. Kinachobaki ni rekodi, na kijana ataikuta siku atakapoomba cheti cha tabia njema. Lodwar na Kakuma, ambako ajira nyingi ni za kaunti na za mashirika ya misaada, faini ya asubuhi moja inaweza kumfungia kijana mlango wa kazi kwa miaka.

Kwa hiyo ombi litangulie jibu. Mwambie hakimu: “Kabla sijajibu shtaka, naomba muda nizungumze na mwendesha mashtaka. Mimi ni mgonjwa na nataka matibabu.” Liseme kwa Kiturkana ukitaka. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa mkalimani bila malipo, na tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973 mahakama zetu zinajua kwamba shtaka lazima lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Kama ulishajibu “ni kweli” na adhabu haijatolewa, unaweza kuomba kubadilisha jibu, ingawa uamuzi ni wa hakimu.

Ni kweli kwamba ili uingie kwenye mpango lazima ukubali kuwajibika kwa ulilotenda. Lakini unawajibika mbele ya mwendesha mashtaka, kwa hiari, ukiwa na wakili au mtu wako karibu, na mwongozo unakataza maneno hayo yageuzwe ushahidi iwapo mpango utavunjika. Kuandikishwa maungamo kituoni saa nane za usiku na afisa anayekupeleleza ni jambo jingine kabisa, na Sheria ya Ushahidi haiyatambui maungamo ya namna hiyo. Usitie saini.

Kuna na pesa. Mama anasema aliombwa “ya mafuta” ili mwanawe “apelekwe rihabu”. Mpango huu hauna ada, na wala polisi si mwenye kuutoa. Anayekudai chochote ni mwizi aliyevaa sare. Andika jina na namba yake, uvipeleke IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi.

Jambo jingine ambalo naliona likikanyagwa kila siku ni rumande. Kifungu cha 49(2) cha Katiba kinasema mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Kulewa na kuleta fujo, kwa Sheria ya Vileo ya mwaka 2010, ni faini isiyozidi shilingi 500 au miezi mitatu. Kuzua rabsha ni miezi sita. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo linaloruhusu wiki mbili rumande “kesi itajwe tena”. Polisi wanalijua hilo, ndiyo maana mara nyingine huongeza la kumshambulia afisa, ambalo kifungo chake hufika miaka mitano, hata kama mlevi alivuta mkono tu akifungwa pingu. Dai nakala ya karatasi ya mashtaka, uisome mstari kwa mstari.

Ukikubaliwa kwenye mpango, soma masharti kwa jicho la mtu wa Turkana. Mkimbizi wa Kakuma au Kalobeyei akiandikiwa kliniki ya kila wiki mjini Lodwar, kilomita zipatazo 120, kila safari itahitaji kibali cha kutoka kambini. Akikosa kibali amevunja makubaliano. Akisafiri bila kibali ametenda kosa jipya. Mchungaji naye, adakar (kundi la kaya zinazochunga pamoja) ikihama kufuata malisho, hawezi kurudi kila Jumanne. Omba matibabu ya hospitali iliyo karibu na tarehe zinazotimizika, kabla ya saini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inamtambua mkimbizi kama inavyomtambua raia, kwa hiyo wote wawili waombe wakili.

Sasa niiseme sheria yenyewe. Hiyo ya Vileo inamruhusu hakimu kumpeleka mlevi kwenye matibabu akishatiwa hatiani zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12, tena kwa gharama ya mlevi mwenyewe. Yaani tumsubiri aharibikiwe mara nne, kisha tumpe bili. Ile ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, kifungu cha 58, inataka mraibu ahukumiwe kwanza, ndipo sehemu ya kifungo chake aitumikie kwenye kituo cha urekebishaji. Zote mbili zinaanza na hatia. Mpango wa 2019 pekee ndio unaoanza na ugonjwa, na huo ni mwongozo wa ofisi tu. Kwa watu wazima Bunge halijauandika kuwa sheria. Watoto wametangulizwa: Sheria ya Watoto ya 2022 inavyo vifungu vya kuwaepusha na kesi.

Kwa wagonjwa wa akili mahakama zimelitangulia Bunge. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi alikibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Ndugu yako akiokolewa leo akapelekwa seli kwa kosa hilo, taja uamuzi huo na udai apelekwe hospitali.

Mama, kifungo cha sasa kitumikiwe, au wakili akitazame kwa rufaa ikiwa muda bado upo. Kijana akitoka, mpeleke kliniki ya Hospitali ya Rufaa ya Lodwar mapema, apate kadi yenye jina la ugonjwa wake. Namba ya msaada 1192 ya NACADA, mamlaka ya kukabili ulevi na dawa za kulevya, haina malipo. Akikamatwa tena, usimsubiri kortini: nenda na kadi hiyo kwenye ofisi ya mashtaka ya umma hapo mjini kabla faili halijasomwa, na ombi liwe kwa maandishi, nakala moja ibaki mkononi mwako ikiwa na muhuri.