KUWAFUNDISHA WATOTO KUJIHIFADHI BARANI NA BAHARINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu zetu, baadhi ya wazee huuliza: Je, yafaa mwalimu kuwatoa watoto chuoni siku moja, akenda nao pwani na msituni kuwafundisha kujihifadhi, au huko ni kupoteza wakati wa Kurani?

Jawabu: Yafaa, bali ni jambo litakiwalo. Maana wanavyuoni wamehesabu kuhifadhi nafsi kuwa ni katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda. Na Imamu wetu Shafii, Mungu amrehemu, pamoja na wingi wa ilimu yake, alikuwa hodari wa kutupa mishale. Na mtoto aliyehifadhi mlango wa tayammamu kwa ulimi, wala mkono wake haujagusa udongo, hajaujua bado.

Somo la kwanza ni maji. Pwani, watoto watawadhe kwa maji ya bahari, kwani ni tohara. Lakini wasiyanywe, humzidisha kiu anywaye. Msituni, mwalimu awaonyeshe maji kidogo waliyochukua, awaulize: Tunywe au tutawadhe? Kisha awafahamishe kuwa ahofuye kiu, yake au ya mwenziwe, huyaweka maji ya kunywa akatayammamu. Na watafute udongo mkavu wenye vumbi, wapige mapigo mawili, moja la uso na moja la mikono hata viwikoni.

Somo la pili ni kibla. Mombasa na Makka karibu zimo katika msitari mmoja wa kusini na kaskazini. Basi kibla chetu ni kaskazini. Usiku, zile nyota tatu za Jauza zilizo safu moja huchomoza mashariki na kutua magharibi. Azielekezeaye mkono wa kulia zinapochomoza, uso wake huelekea kaskazini. Na katika pwani ya bara, tangu Mombasa hata Vanga, aelekeaye kibla bahari iko kuliani kwake. Basi ilimu ile ile ya sala ndiyo imwonyeshayo aliyepotea upande wa kwao. Lakini mtoto mdogo aambiwe asitembee: na akae mahali pa wazi, aite mara kwa mara, hata aje atafutwaye naye.

Somo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni kupwa na kujaa. Bahari hujaa kwa muda wa saa 6 na kitu, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua, na maji hupanda mita 3 na zaidi. Saa ya kwanza hupanda polepole, na hilo ndilo limdanganyalo mtoto aokotaye kombe mwambani; saa ya tatu na ya nne hupanda kwa nguvu. Tena mahali pa chini, baina ya mwamba na ufuo, hujaa mbele, na yeye angali amesimama pakavu. Kwa hiyo kanuni ni hii: rudi maji yageukapo, usingoje yakufikie miguuni.

Na safari hii ina sharti zake: idhini ya wazazi, watu wazima wasiopungua wawili, mmoja wao ajuaye kuogelea, na watoto wahesabiwe wakienda, wakiwapo huko, na wakirudi.

Basi, ewe baba, mwanao ni amana. Usimwache ajifunze bahari siku ile imchukuapo. Mshike mkono leo, maji yakiwa yamekupwa, umwonyeshe.

Wabillahi taufiki.