Python au C?

SWALI: Nasoma kompyuta mwaka wa kwanza. Mwalimu ametuanzishia C, lakini wenzangu wanasema imepitwa na wakati, Python inatosha. Nimfuate nani?

JIBU: Mfuate mwalimu, ila Python nayo usiiache. Python inayotumiwa na wengi, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, yenyewe imeandikwa kwa C, lugha aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Fanya jaribio dogo. Tenga safu ya nafasi 10, kisha andika kwenye nafasi ya 11. Python itakusimamisha papo hapo na kukuonyesha mstari wenye kosa. C haikuulizi kitu. Inaweza kuandika juu ya data ya jirani, programu ikaendelea kama kawaida, halafu ikaanguka baadaye mahali pengine kabisa. Nimekesha mara nyingi nikisaka kosa la namna hiyo, na huko ndiko nilikoielewa kumbukumbu ya kompyuta.

Kuhusu kasi, C hugeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla ya kuendeshwa, ilhali Python hufasiriwa inapoendeshwa. Hesabu ya kurudiarudia mara milioni huonyesha tofauti mara moja. Ndiyo maana NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, hufanya hesabu zake nzito kwa C, nawe unaiagiza kwa Python. Wala C haijapitwa na wakati: kernel, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kwa sehemu kubwa, ni C.

Basi mwombe mwalimu akufundishe polepole vielekezi (pointers), yaani anwani za mahali kwenye kumbukumbu, na usione haya kuuliza tena.