Taa zinapepesa: kebo au Wi-Fi?

Swali: Kwenye maonyesho yetu hapa Kisumu, taa za jukwaa tunazoendesha kwa Art-Net kupitia Wi-Fi hupepesa watu wakijaa. Fundi anataka tubadilishe kebo zote za DMX. Tukubali?

Jibu: Msinunue bado. Kebo mbovu haijui idadi ya watazamaji. Wi-Fi inaijua, maana simu za umati hugombania masafa yaleyale, na Art-Net husafiri kwa UDP, isiyorudisha pakiti iliyopotea. Fungueni programu ya Wireshark upande wa nodi, yaani kifaa kinachogeuza Art-Net kuwa DMX, chujeni lango 6454, mlinganishe mtiririko kabla na baada ya watu kuingia. Fundi atadai unyevu wa ziwa huozesha viunganishi. Kweli, ila kutu haisubiri umati. Pakiti zikifika sawasawa na taa bado zikapepesa, basi kagueni kebo. Kwa sasa, unganisheni nodi kwa waya.