Kumtambua Mbwa kwa Picha ya Simu

Mbwa wengi wa kwetu Kaliua utawajua: manyoya mafupi, rangi ya udongo, mkia umejikunja mgongoni. Mpige picha mmoja wao uipe programu kama Google Lens, na usishangae ikikujibu kwamba ni Basenji. Basenji ni mbwa wa Kongo, tena habweki kama wenzake. Huyu wako, treni ya Mpanda ikipita usiku, anabweka mpaka mtaa mzima unaamka.

Programu inajua picha ilizofundishwa tu. Mkusanyo mmoja maarufu wa kufundishia, uliotolewa na Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2011, una picha 20,580 za aina 120. Basenji yumo. Hata mbwa mwitu wa porini kwetu yumo, ingawa si spishi moja na mbwa wa nyumbani. Mbwa wa kijijini hana fungu lake humo, kwa hiyo programu iliyofundishwa hivyo humsukumia kwa anayefanana naye. Ikikuandikia asilimia 80, hapo inapima mfanano wa picha, haipimi damu.

Picha nzuri hupunguza makosa. Futa kwanza kioo cha kamera, maana vumbi la kiangazi hulijui vizuri mpaka uone picha zako. Piga asubuhi au jioni. Mtu amshike mbwa kwa kamba, mbwa asimame ubavu mbele ya ukuta mtupu, masikio na mkia vionekane. Wewe chuchumaa, simu iwe usawa wa bega lake. Ukimpiga kutoka juu, kichwa kinakuwa kikubwa na miguu inakuwa mifupi, na programu inapotea hapo hapo. Piga nyingine ya uso. Kisha kata picha abaki mbwa peke yake, bila watoto wala mbuzi.

Jaribu picha tatu za siku tofauti. Zikitoa jina moja, una pa kuanzia. Zikitoa majina matatu, huenda ni chotara au mbwa wa kijijini.

Mtoto wa mbwa usimpime kabisa. Hata mbwa wa Kijerumani wanaotumiwa na polisi huzaliwa masikio yamelala, yakasimama baadaye. Omba picha ya mama yake.

Kwa maoni yangu, faida kubwa ya programu hizi iko kwenye kununua. Muuzaji wa mbali akikutumia picha, iingize kwenye Google Lens utafute picha zinazofanana. Ukiikuta picha ile ile kwenye tangazo la nchi nyingine, acha biashara hiyo. Na hata usipoikuta, kabla hujatuma hela mwombe video fupi ya mbwa huyo akiwa na mama yake, muuzaji akitaja jina lako na tarehe ya siku hiyo. Akikataa, usitume.