Kulea mtoto wa ng'ambo ya mpaka: Kafala haifuti nasaba

Mtume wetu Muhammad (SAW) mwenyewe alikuwa yatima akalelewa na babu yake, kisha na ami yake.

Ndugu msomaji, baada ya darsa moja hapa Kibondo, mama mmoja alibaki nyuma mpaka wenzake wakaondoka. Akasema, "Ustadh, nina jambo limenikaa kifuani." Mwaka 2015, Warundi walipokuwa wakiingia kwa wingi kupitia Mabamba baada ya machafuko ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, mwanamke mmoja alimwachia mtoto mchanga wa miezi michache. Alisema anarudi ng'ambo kuwafuata wanawe wengine wawili. Hakurudi tena. Mama yule alimchukua binti akamlea, na leo binti yuko shule ya msingi, yuko karibu kumaliza. Shule inataka cheti cha kuzaliwa. Mume wake anasema jambo ni jepesi: aandikwe kazaliwa hapa hapa Kibondo, baba ni yeye. Nani atajua? Kiha na Kirundi zinasikilizana, na binti sura na lugha ni wa hapa hapa.

Swali hili si la nyumba moja. Kuanzia mauaji ya Rais Ndadaye Oktoba 1993, Kasulu na Kibondo zimepokea watoto wengi waliopotezana na wazazi wao, na wapo waliobaki katika nyumba za Waislamu. Nia ni njema. Lakini nia njema haihalalishi kila njia.

Tuanze na kisa ambacho kila Muislamu anakijua ila hatukitazami kwa jicho hili. Nabii Yusuf (AS) alichukuliwa akiwa mtoto, akauzwa nchi ya kigeni. Qur'an (12:21) inatueleza kuwa yule Mmisri aliyemnunua alimtaka mkewe amkirimu, huenda akawafaa au wakamfanya mtoto wao. Alikula na kulala kwao, akakua kwao. Lakini miaka baadaye, akiwa gerezani, alipojieleza yeye ni nani alisema anafuata mila ya baba zake Ibrahim, Is-haq na Yaaqub (12:38). Hakujinasibisha na nyumba iliyomlea. Na kule Kanaani alikuwako mzee aliyelia mpaka macho yakaingia weupe. Kila mtoto aliyevuka mpaka, huenda nyuma yake yuko Yaaqub wake.

Kisa cha pili ni cha Zayd bin Haritha (RA). Wanahistoria wa Sira wanasimulia kuwa alitekwa akiwa mdogo, akauzwa katika soko la Ukaz, akafika kwa Bibi Khadija (RA), naye akampa Mtume (SAW). Baba yake alimtafuta mpaka akamkuta Makka, akaja na nduguye wakiwa na fidia. Mtume (SAW) hakumficha kijana. Alimpa hiari, na Zayd akachagua kubaki. Ndipo akatangazwa kuwa mwana, akaitwa Zayd bin Muhammad. Kisha ikashuka Suratul Ahzab. Aya ya 4 na ya 5 zinabainisha kwamba watoto wa kupanga si watoto wa kuzaa, na kwamba waitwe kwa baba zao. Ikiwa baba zao hawajulikani, basi ni ndugu katika dini. Zayd akarudi kuwa bin Haritha. Je, mapenzi yalipungua? La. Yeye ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina katika Qur'an (33:37), na alikufa shahidi Mu'ta akiwa amekabidhiwa uongozi wa jeshi.

Kwa hiyo kilichokatazwa ni tabanni, yaani kumgeuza mtoto wa mwenzio kuwa wako kwa jina na nasaba. Kumlea, kumvika, kumsomesha na kumpenda ni kafala, na Mtume (SAW) amembashiria mlezi wa yatima kuwa naye karibu Peponi kama vidole viwili.

Kwa ndugu zetu Warundi jambo la jina lina uzito wa pekee. Kwa desturi yao, mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu wa tumbo moja hawashiriki jina la ukoo. Kwa hiyo jina la binti peke yake halimwonyeshi baba yake. Asipoambiwa na aliyemlea, hatajua.

Nilimuuliza mama yule, "Ulimnyonyesha?" Akashangaa. Akasema ndiyo, alikuwa na mwanawe wa kiume anayenyonya, akawanyonyesha wote wawili kwa miezi. Hapa, ndugu msomaji, sheria ina rehema kubwa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliyenyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili amekuwa mtoto wa kunyonya. Mume ni baba yake wa kunyonya, kijana ni kaka yake, hawezi kumuoa kamwe, na hana haja ya kujisitiri mbele yao kama mbele ya wageni. Hofu aliyokuwa nayo mama, kwamba binti akibaleghe atalazimika kuondoka, haipo. Lakini ziwa halileti urithi wala jina. Kama wanataka apate chochote katika mali yao, waandike wasia, usiozidi theluthi.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka kuasili mikononi mwa mahakama, na amri ya kuasili hukata haki za wazazi wa kuzaa na kumfanya mtoto kama aliyezaliwa na walezi. Hapo Muislamu asimame na afikiri. Sheria hiyo hiyo inayo malezi ya kambo kupitia Ustawi wa Jamii, ambayo hayakati nasaba. Wenzetu wa Zanzibar wameitambua kafala katika Sheria ya Watoto ya 2011, na hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja kafala katika kifungu cha 20.

Kwa mtoto mkimbizi kuna la ziada. Miongozo ya UNHCR ya 1994 inataka wazazi watafutwe kwanza, kwa kawaida si chini ya miaka miwili, kabla ya kufikiriwa kuasili. Wanaodhani hiyo ni urasimu tu wakumbuke Chad, Oktoba 2007. Wafaransa wa shirika la L'Arche de Zoé walikamatwa Abéché wakitaka kupandisha ndege watoto 103, wakidai ni yatima wa Darfur. Wengi walikuwa Wachad wenye wazazi. Tuliwalaani, na tulistahiki kuwalaani. Basi cheti cha uongo cha Kibondo kina tofauti gani na ndege ile, kwa mama aliye Ruyigi anayemtafuta mwanawe?

Wapo watakaosema: akipatikana mama yake naye si Muislamu, si tutampoteza mtoto? Qur'an (31:15) imeamrisha kukaa kwa wema hata na wazazi wanaomshirikisha Allah. Haki ya mama haifutwi na dini yake, na Uislamu haujengwi kwa kuficha watoto wa watu.

Nilimshauri mama aende na mumewe kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, waeleze yote, jina la Maafa aliloachiwa na wazazi liandikwe lilivyo, na Msalaba Mwekundu wapewe kila anachokumbuka: kijiji alichotaja yule mwanamke, kitenge alichomfungia mtoto, siku. Mume alikuwa mgumu. Alisema, "Ustadh, wakimchukua je?" Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Dada yake Musa (AS) alimfuata nduguye kwa mbali mpaka akarudishwa kwa mama yake, na hatujaambiwa nyumba ya Firauni ilihisi nini.

Wiki iliyofuata walikwenda, na binti walikwenda naye. Kitenge bado wanacho.